Bei Inayotajwa Mwanzo

Tangu Januari mosi 2023, Mkenya mwenye pasipoti anaingia Afrika Kusini bila viza na anaweza kukaa hadi siku 90 kwa mwaka. Wasee wengi niliowasikia wakiizungumzia hiyo habari walikuwa wanafikiria Table Mountain, mvinyo na picha za pengwini. Mimi nilifikiria kitu kimoja tu: kuna mji, saa chache kwa ndege kutoka Nairobi, ambapo naweza kutembea wiki nzima kama mwanaume anayependa wanaume, na polisi wa huko hana kifungu cha sheria cha kunishikia kwa sababu hiyo.

Pesa nilikuwa nazo kidogo, na zina historia yake. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda, nikaingia kwenye ile kazi ambayo vijana wengi wa Kenya wanaijua: kuwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo. Wao wanalipa kwa ukurasa, wanaweka majina yao juu, wanapata digrii. Mimi ambaye sina hata moja nimesaidia kuzipata zaidi ya kumi. Mwisho wa 2022 ikaja ChatGPT, oda zikakauka. Nilichobakiza kwenye akaunti kingetosha kompyuta mpya ama safari. Nikachukua safari. Oktoba 2023, siku nane, Cape Town, peke yangu.

Nyumbani ni Sironga, pale barabara ya kutoka Kisii mjini inapokaribia Nyamira, majani chai upande huu, migomba upande ule. Kwetu, kwa Ekegusii, mama anaitwa baba na baba anaitwa tata, kwa hivyo nikisema nilimpigia baba simu kumwambia nasafiri, ujue niliongea na mama. Nilimwambia naenda kutafuta kazi za kuandika. Akauliza kama huko kuna baridi. Halafu akaleta swali lake la kila siku: esaiga yangu italala panya hadi lini?

Esaiga ni nyumba ya mvulana. Ukishatahiriwa unatoka kwenye nyumba ya wazazi, unapata yako hapo hapo bomani, yenye mlango wake. Ni uhuru wa ajabu kidogo. Mlango ni wako, lakini boma zima linajua nani ameingia na ametoka saa ngapi. Kwa mama, panya ni njia ya heshima ya kusema mke.

Rafiki mmoja aliniuliza kwa nini nisiende tu Mombasa, si pia ni likizo? Nikamjibu kwa kumkumbusha tunakoishi. Kanuni yetu ya Adhabu, tuliyoachiwa na Mwingereza, ina kifungu cha 162 chenye kifungo cha hadi miaka 14, na cha 165 chenye miaka mitano kwa wanaume wawili. Mei 24, 2019, Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Siku hiyo nilikuwa hosteli, nafuatilia kwenye simu, sauti nimezima, mwanga wa skrini nimeushusha hadi mwisho, mwenzangu wa chumbani akibishana na jirani kuhusu mpira. Siku tatu tu kabla, Mei 21, Binyavanga Wainaina alikuwa ameaga dunia, yule mwandishi aliyejitangaza hadharani Januari 2014 na kutufanya wengine tujue kwamba mtu anaweza kusema na bado akaamka kesho yake. Niliizima simu, nikauliza nani anaongoza.

Na kuhusu pwani: Februari 2010, hapo Mtwapa, uvumi wa harusi ya wanaume wawili ulitosha kuwafanya watu wavamie kliniki. Harusi yenyewe hakuna aliyeiona.

Lakini niseme ukweli, mimi sheria si ndiyo inayonikosesha usingizi. Sheria inakaa kwenye kitabu. Kinachotembea mtaani ni yule jamaa uliyekutana naye kwenye programu za kutafutana. Picha safi, meseji tamu, anakwambia anaishi karibu tu. Unafika, unakaa dakika kumi, mlango unagongwa, wanaingia wengine watatu. Mmoja ni "kaka yake", mwingine ni "polisi". Simu yako inachukuliwa, majina ya watu wako yanasomwa kwa sauti. Tuma pesa ama tumpigie mamako. Yamemkuta rafiki yangu wa karibu, Nairobi, na aliondoka pale bila simu, bila saa, bila akiba ya miezi sita. Angeripoti wapi? Ukienda kushtaki lazima ueleze ulikuwa unafanya nini pale, na maelezo yako yanageuka kuwa kosa lako.

Kwa hivyo nimefika miaka ishirini na kitu nikijua mapenzi kama kitu kinachoanza bure halafu bili inakuja baadaye, na huijui ni ya ngapi.

Siku mbili za kwanza Cape Town sikuongea na mtu. Nilitembea. Kutoka De Waterkant, kwenye vijumba vya rangi na baa zenye bendera mlangoni, nikafuata Somerset Road hadi Green Point, kisha Sea Point, ambako kuna njia ndefu ya kutembea kando ya bahari. Upepo wa huko haubishi hodi. Umeme ulikuwa unakatwa kwa zamu, kila mtu na ratiba yake kwenye simu, kwa hivyo hilo nalo lilinifanya nijihisi nyumbani.

Pale Sea Point niliwaona wazee wawili, wa miaka sabini hivi, wameshikana mikono na wanabishana. Nilisogea karibu kidogo nisikie. Walikuwa wanabishana kuhusu dawa ya presha, nani alisahau kuichukua. Hakuna aliyegeuka kuwatazama isipokuwa mimi. Nilikuwa nimesoma kwamba nchi yao ndiyo ya kwanza duniani kutaja waziwazi kwenye katiba kwamba mtu asibaguliwe kwa sababu ya anayempenda, na kwamba wanaume wanaoana kisheria tangu Novemba 2006. Niliyasoma hayo nikiwa Kenya, nikayaelewa vizuri. Lakini mwili wangu haukuwa umesoma. Kila nilipoingia baa za pale bado nilikaa nikitazama mlango, na bado mkono ulikuwa juu ya simu.

Siku ya tatu nikaamua kulipa.

Hapa najua msomaji mwingine atakunja uso. Una wiki moja ya uhuru, baa zimejaa, kwa nini ulipe? Nilikuwa na sababu, na haikuwa ukware. Nilitaka, mara moja maishani, kukutana na mwanaume nikijua tangu mwanzo itanigharimu kiasi gani. Mwanaume wa kulipwa anataja bei kwanza. Anataja saa. Anataja anachofanya na asichofanya. Bei inayotajwa mwanzo haigeuki fidia mwishoni. Kwa mtu aliyekulia penzi la kugongewa mlango, hiyo ni anasa kuliko hoteli yenye bwawa.

Kiswahili hakinisaidii hapa. Tukitaka kuwataja watu hawa tuna "malaya", na tunaona tumemaliza. Kwa mtu kama mimi tuna "shoga" na lile lingine zito zaidi. Na hilo la shoga lenyewe lina kisa: kwa wanawake wa pwani, shoga ni rafiki wa ndani, mwenzako wa kukaa naye na kunong'ona. Sisi tukalichukua likawa jiwe. Kwa hivyo nitawaita tu wanaume wawili niliowalipa. Wote walinipa majina ya kazi. Sitayaandika hata hayo.

Wa kwanza alikuwa mzaliwa wa pale pale, mweupe, thelathini na kitu. Alisema tukutane kwanza kwenye mkahawa, mchana, mahali pa watu, dakika kumi na tano, na kila mmoja ana ruhusa ya kusema hapana na kwenda zake. Randi 1,200 kwa saa. Wakati huo randi moja ilikuwa karibu shilingi nane, piga hesabu. Alikuja na chupa ya maji na kalenda kwenye simu. Aliniuliza kuhusu kinga kabla sijamuuliza, nikamwambia natumia PrEP, vile vidonge vya kila siku vya kuzuia virusi ambavyo Kenya vilianza kutolewa 2017, na kondomu nimebeba. Akasema vizuri, kama karani anayejaza fomu.

Tulipokuwa tunangoja chai alinitajia wateja wanaoomba punguzo, wateja wanaotaka "dakika tano tu zaidi", wateja wanaofuta miadi ukiwa tayari njiani. Nikacheka. Nikamwambia mimi pia nina wateja wa hivyo, wa insha: anayetaka kurasa nane kwa bei ya tano, anayedai marekebisho mara nne, anayetoweka siku ya malipo. Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Na jina lako halionekani popote," akasema. Nikamwambia halionekani. Akatikisa kichwa, kama fundi akikutana na fundi.

Yaliyofuata chumbani ni yangu. Niseme tu yalikuwa ya kawaida, na hiyo kawaida ndiyo sikuwahi kuipata. Hakuna aliyetega sikio kwenye mlango. Mara moja lifti ilisimama koridoni, nikashtuka hadi nikakaa kitako. Hakuuliza kwa nini. Alisema, "Ni jirani, hurudi saa hii," akangoja nipumue. Saa ilipoisha alisema imeisha. Nilimlipa, tukapeana mikono, nikatoka nje nikakuta jua bado lipo. Sijui kwa nini hilo la jua lilinigusa. Nyumbani mambo haya hayana mchana.

Wa pili nilimpata kwa tangazo lenye Kiingereza cha kuvunjikavunjika na Kifaransa kidogo. Miaka 34, randi 600. Tulipokutana nilisema salamu yangu kwa Kiingereza, maneno manne tu. Akatabasamu.

"Wewe njo Mkenya," akasema. "Hiyo Kiingereza iko na Nairobi ndani."

Alikuwa mtu wa Bukavu. Na hapo, kwenye chumba cha watu, kilomita elfu kadhaa kutoka kwetu sote wawili, tukahamia Kiswahili. Chake kile cha Kongo, chenye batu na bintu, changu hiki cha mtaa. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Maisha yangu yote, yale machache ya kimapenzi niliyowahi kusema nimeyasema kwa Kiingereza, kwa sababu Kiingereza ni kama glavu, kinashika bila kugusa. Huyu akaniuliza, "Unapendaka nini?" Nikakosa jibu. Si kwamba sikujua ninachopenda. Sikujua linavyosemwa kwa lugha ambayo nimeisikia tu ikinitukana. Alingoja. Nikajaribu. Nilisema maneno ya kawaida kabisa, ya kushikwa na kukaa karibu, na yakatoka mdomoni mazima, hayana tusi ndani.

Saa ilipoisha naye alisema imeisha. Nililipenda hilo, kwamba hakujifanya. Kisha akasema kama bado nataka kuongea, yeye ana njaa, na chakula si kazi. Tukanunua gatsby, ule mkate mrefu wa Cape Town uliojazwa chipsi na nyama, wanaukata vipande vinne. Tukaenda kuulia kando ya bahari, upepo ukituibia maneno.

Hapo ndipo nilipomwuliza nilichokuwa sijamwambia mtu. Tiketi yangu ilikuwa ya kwenda na kurudi, lakini nilikuwa nimeanza kupiga hesabu. Siku 90 ni nyingi. Katika siku 90 mtu anaweza kupata chumba, kibarua, labda kuomba ukimbizi, maana kwetu si kuna sheria inayonifunga? Uganda ilikuwa imepitisha sheria yake kali Mei hiyo hiyo ya 2023, na Nairobi kulikuwa na mbunge aliyekuwa na muswada wake wa mwelekeo huo huo. Nikamwuliza: kaka, nikibaki?

Alitafuna kwanza hadi akamaliza.

"Wewe uko na siku nane," akasema. "Siku nane iko tamu. Mimi niko na miaka kumi na mbili."

Alitoka kwao 2011. Karatasi zake za kuomba hifadhi zilifunguliwa Durban, kwa hivyo miaka mingi kila zilipokaribia kuisha ilibidi apande basi kutoka Cape Town hadi Durban, zaidi ya kilomita 1,600, kupanga foleni apewe miezi michache mingine. Bila karatasi hizo hakuna akaunti ya benki, hakuna mkataba wa nyumba, hakuna kazi ya maana. Alianza kama bawabu wa magari, akawa mlinzi, kisha hii. Na hii yenyewe si halali. Nchi ambayo mwanaume anaweza kumwoa mwanaume bado ina sheria ya 1957 inayomfanya anayeuza mwili kuwa mhalifu, na tangu 2007 anayenunua naye ni mhalifu. Muswada wa kuifuta ulichapishwa Desemba 2022. Tulipokuwa tumekaa pale ulikuwa haujapita. Maana yake ni kwamba mimi na yeye hatukuwa na kosa lolote kwa kuwa wanaume wawili. Kosa letu lilikuwa zile randi 600.

"Hapa walinipiga mara mbili," akasema. "Haikuwa juu ya wanaume. Ni juu niliongea kwenye taksi, wakasikia mimi ni mugeni. Tangu siku ile nikipanda taksi nanyamazaka. Kwetu nilikuwa naficha mwili. Hapa nafichaka mdomo."

Kwa Wakongo wenzake wa kanisani anaongea Kiswahili kwa uhuru, lakini hawajui maisha yake. Wateja wanajua maisha yake, lakini kwao Kiswahili chake hakina maana. Aliniambia hayo bila kujihurumia, akiokota chipsi zilizodondoka kwenye karatasi. Kisha akaniuliza Sironga ni wapi, tunalima nini, na kama ni kweli kwetu mama anaitwa baba. Akacheka hadi watu wakageuka. Pale Sea Point, ambapo wanaume wawili walioshikana mikono hawageuziwi shingo, tuligeuziwa kwa sababu ya lugha. Naye akanyamaza mara moja, akatazama baharini.

Hakunishauri nirudi. Alisema tu kwamba mgeni na mkimbizi hawaingii mji mmoja, hata wakishukia stesheni moja. Mgeni anauziwa. Mkimbizi ndiye anayeuza. Nilipokuwa nikitembea kurudi chumbani nilielewa ni mji gani nilikuwa nimeufurahia kwa siku sita. Ulikuwa wa kweli, sitaukana. Wale wazee na dawa yao ya presha ni wa kweli. Lakini mlango wake ulikuwa umenifungukia kwa sababu nilikuwa na kadi ya benki na tarehe ya kuondoka.

Nilirudi kwa tiketi ile ile.

Desemba nilienda Sironga. Mama alinipikia matoke, akaniuliza kama nilipata kazi. Nikamwambia bado. Kama nilipata watu wazuri? Nikamwambia wawili. Wanafanya kazi gani? Nikafikiri, nikamwambia wanakaa na watu, wanawaangalia kwa malipo. Akasema hiyo ni kazi ngumu, watu wanasumbua. Nikamwambia ni ngumu kweli. Hakutaja panya siku hiyo, sijui kwa nini, na mimi sikumkumbusha.

Huyu wa Bukavu hunitumia sauti kwenye simu mara moja moja. Hatuongei mapenzi. Ananiuliza bei ya chai, namwuliza karatasi. Huwa namjibu kwa sauti pia, maana najua atasikiliza akiwa chumbani kwake, mlango umefungwa, na kwa dakika mbili hivi atasikia lugha yake kwa mtu anayemjua mzima.

Mimi naweka akiba tena. Kazi za insha zimebaki chache, naandika matangazo ya maduka na mara nyingine kitu kama hiki. Safari hii sichangi tiketi. Nachanga depoziti na kodi ya miezi miwili ya chumba nilichokiona Nairobi, ghorofa ya chini, mlango unafungukia kichochoro na si uani kwa majirani. Mlinzi wa ploti ni mzee, anakaa upande wa pili na haoni nani anapita. Nilimwuliza bei siku ile ile, akaitaja, na tangu hapo haijabadilika.